Mtumbwi wa Kingwere

Treni ya umeme ikishatoka Dar es Salaam hupita Pugu chini ya vilima vya Kisarawe, ikaja Soga, kisha Ruvu, ndipo ishike njia ya Ngerengere na Morogoro. Karibu na Ruvu kuna mto. Ukiinamisha kichwa kutazama simu, umeshauvuka na hukuuona.

Wajukuu zangu, leo nataka muinue vichwa. Nataka kuwapeleka kwenye mto huohuo, ila tushuke nao kidogo kuelekea Bagamoyo, na turudi nyuma mpaka Machi 1871. Wakati huo hapakuwa na daraja la chuma wala la zege. Kulikuwa na diko, yaani mahali mtumbwi unapofungwa, na kulikuwa na mtu mmoja mwenye mtumbwi. Usipokubaliana naye, unakaa ukingoni na mali yako yote ukihesabu viboko.

Kwanza tuujue mto wenyewe. Ruvu unaanzia milima ya Uluguru. Unateremka ukipokea maji ya Mgeta, baadaye ya Ngerengere, unapita nchi ya Kibaha, na unaingia baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Wageni wa karne ya 19 waliiita sehemu yake ya chini Kingani, na ukisoma vitabu vyao utalikuta jina hilo. Ni mto uleule. Kiangazi huwa mpole, una rangi ya chai ya maziwa, na kingo zake zimesimama wima. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, hufura ukatoka nje ya kingo na kulala juu ya tambarare. Mahali ulipopita jana kwa miguu, leo maji yanakufika kifuani.

Ndiyo maana diko haliwekwi popote. Karibu na bahari kuna mikoko na tope linalomeza mguu mpaka gotini. Penye kona ya mto, upande wa nje maji yanakimbia na kuula ukingo, na upande wa ndani mchanga unajaa, mtumbwi unakwama. Mvushaji mzuri hutafuta mahali mto umenyooka, ukingo una udongo mgumu, na pana mti wa kufungia kamba. Anataka pia njia ya kushukia iliyo wazi, asije akateremka gizani juu ya mgongo wa mamba. Mahali pa namna hiyo ni pachache, kwa hiyo njia za watu huja zikakutana hapo zenyewe. Wapitao huiona njia wakadhani ndiyo iliyochagua kivuko, kumbe kivuko ndicho kilichochagua njia.

Na njia ya hapa haikuwa ndogo. Bagamoyo palikuwa mlango wa bara. Misafara ilitoka Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, na Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na mbele ya hapo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu waliojulikana kwa mwendo na kwa kubeba. Walikuja na pembe za ndovu, wakarudi na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya za shaba. Mzigo mmoja wa nguo ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32, na mtu aliubeba begani au kichwani miezi mitatu. Tena kuna jambo ambalo sitawaficha kwa sababu nyinyi ni wadogo. Katika njia hiyohiyo walipita watu waliofungwa minyororo na makongwa, wakipelekwa pwani kuuzwa. Biashara ya kuwasafirisha watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba aliotia saini Sultani Barghash wa Unguja mwaka 1873. Kabla ya hapo, kwa wengi wao, Ruvu ulikuwa mto wa mwisho wa bara waliouona.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, alikuwa akimtafuta Daktari Livingstone, mmisionari Mskoti aliyekuwa hajasikika kwa muda mrefu. Msafara wake mzima ulikuwa na watu 192, ukagawanywa katika makundi matano yaliyoondoka Bagamoyo moja baada ya jingine. Yeye alikuwa na kundi la mwisho, pamoja na punda na farasi. Katika shehena yake mlikuwa hata na mashua mbili zilizofumuliwa vipande vipande ili zibebwe. Msicheke bado.

Kabla ya kuufikia mto wenyewe, walikwama. Kulikuwa na mfereji wa tope jeusi, upana wake haufiki hata mita tatu. Wapagazi wangeweza kupita juu ya magogo mawili, lakini punda ni punda, akishaona tope hana mjadala. Wakachukua mashoka ya Kimarekani, wakaangusha miti sita mikubwa, wakailaza kutoka ng'ambo hii hadi ile, juu yake wakapanga matandiko 15 ya punda, kisha wakafunika yote kwa majani mengi. Wanyama wakapita salama. Stanley alifurahi mno, akaandika kwamba penye Mzungu mstaarabu, shida lazima itoweke. Mimi nasema masika moja au mbili zilitosha kulitowesha daraja lenyewe. Magogo ndani ya tope la Ruvu hayasomi vitabu.

Kisha wakashuka na ukingo wa kulia, wakipenya matete marefu na mimea itambaayo, mpaka wakafika kivukoni. Maji yalikuwa mazito na machafu, yanazunguka. Hapo zile mashua mbili hazikufaa kitu. Hapo palitakiwa mwenyeji. Wakapiga kelele kuelekea ng'ambo, na kutoka kwenye kichaka upande wa pili akatokea mtu ambaye Stanley anamtaja kwa jina la Kingwere. Akauingiza majini mtumbwi wake mkubwa wa gogo moja, akaukatisha katikati ya maji yanayozunguka, akaja akausimamisha pale walipokuwa wamesimama.

Kingwere anapata mistari michache tu katika kitabu kinene. Hatuambiwi alikuwa na umri gani, wala alijifunza kwa nani, wala watoto wake waliitwa nani. Lakini hebu tuangalie alichokifanya, kwa sababu ufundi wake tunaweza kuusoma kwenye maji yenyewe, hata leo.

Mto ukiwa na kasi, huwezi kuelekeza mtumbwi moja kwa moja ng'ambo. Ukifanya hivyo, utafika, ndiyo, lakini utafika mbali chini, penye matete na viboko, na kurudi juu kutakumaliza. Mvushaji huanza kwa kupanda na mto akiwa karibu kabisa na ukingo, maana pale maji yanaburuzana na ardhi na kasi yake ni ndogo. Penye kina kifupi hutumia upondo, mti mrefu wa kusukumia chini ya mto. Akishapanda vya kutosha, ndipo anaelekeza pua ya mtumbwi kwa mshazari, anaweka upondo kando, anashika kafi, na anauacha mto umsaidie kumteremsha huku yeye anakata. Akipiga hesabu sawasawa, mto unamtua dikoni. Akikosea kidogo, analikosa diko. Hesabu hiyo hubadilika kila siku, kwa sababu mto wa leo si wa jana, na hakuna aliyemwandikia ubaoni.

Mtumbwi wenyewe ulikuwa mti mzima. Mafundi waliuchagua msituni, wakaukata kwa shoka, wakautoa moyo kwa tezo na wakati mwingine kwa moto, kisha wakaukokota mpaka majini. Ukuta ukiwa mnene sana, unabeba uzito wake wenyewe badala ya mizigo. Ukiwa mwembamba mno, unapasuka kwa jua. Hauna mkuku, kwa hiyo hupinduka kwa urahisi. Abiria hukaa chini na hutulia. Anayesimama ili aone vizuri ndiye anayewazamisha wenziwe.

Mizigo ya Stanley ikapakiwa mtumbwini, safari baada ya safari. Wanyama hawakupakiwa. Walifungwa kamba ndefu shingoni, wakavutwa majini mpaka upande wa pili. Stanley aliona kazi inakwenda, akaketi juu ya mtumbwi mbovu uliotupwa ukingoni, akaanza kuwapiga viboko risasi kichwani, kujifurahisha. Ndivyo alivyoandika mwenyewe, bila haya. Fikirini: mtu anavuka na kurudi ndani ya gogo, katikati ya mto wenye viboko, na mteja wake anawachokoza viboko haohao kwa bunduki. Kiboko aliyekasirika hapigi mbizi kumtafuta aliyefyatua. Humshukia aliye karibu.

Katika kundi la Stanley alikuwamo mtu mmoja ambaye nchi hii aliijua kuliko tajiri wake. Jina lake Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Myao, akakamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, ambako mji wa Bombay ulimpa jina. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Afrika Mashariki. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walimchukua katika safari yao ya kutafuta maziwa makuu. Safari hiyo ilianzia Kaole, kando ya Bagamoyo, ikapanda na bonde la mto huu kupitia nchi ya Wazaramo, ambamo leo zimo Kibaha na Kisarawe. Bombay akarudi tena na Speke mwaka 1860, akarudi na Stanley 1871, akarudi na msafiri mwingine, Cameron, 1873, na safari hiyo ikamfikisha mpaka pwani ya Atlantiki. Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimpa nishani ya fedha. Wazungu walikuja na kuondoka, kila mmoja akiandika kitabu kana kwamba yeye ndiye wa kwanza. Bombay alikuwapo katika vitabu hivyo vyote, na yeye hakuandika hata kimoja.

Stanley, kama mlivyofundishwa shuleni, alimkuta Livingstone Ujiji mwaka huohuo wa 1871. Lakini Livingstone hakukubali kurudi kwao. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake wa safari, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliamua kuupeleka mwili wake pwani. Waliuzika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga ndani ya gome la mti na kitambaa cha matanga, wakauchukua begani. Walitembea miezi tisa hivi. Mwezi Februari 1874 waliingia Bagamoyo.

Tazameni ramani. Bagamoyo iko upande wa kusini wa Ruvu. Atokaye Tabora hana budi kuuvuka mto huu kabla ya kuiona bahari. Kwa hiyo baada ya miezi yote ile, baada ya njaa na homa na vijiji vilivyozuia maiti isipite, Susi na Chuma walibakiwa na maji hayahaya ya rangi ya chai. Vitabu vingi huruka hapo, vinakimbilia kanisa kuu la Westminster, London, alikozikwa Livingstone mwezi Aprili. Mimi huwa nabaki mtoni kidogo. Nawaza namna ya kuingiza mzigo kama ule mtumbwini bila kuupindua, na nani alikaa wapi.

Nguvu za mwenye mtumbwi zilidumu mradi hapakuwa na njia nyingine. Njia nyingine ikaja kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga reli ya kati. Ilipanda vilima vya Pugu, ikashuka kwenye tambarare ya Ruvu, ikawekewa daraja, na mwishoni mwa 1907 ikafika Morogoro. Tabora ilifikiwa 1912, Kigoma mwanzoni mwa 1914. Safari iliyokuwa ya miezi mitatu ikawa ya siku chache. Misafara ya wapagazi ikakauka, Bagamoyo ikalala, na kivuko kikabaki cha watu wanaokwenda shamba au kumwona mjomba ng'ambo.

Hapa nina kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli huko Papenburg, Ujerumani, iitwe Graf von Götzen, ya kufanya kazi Ziwa Tanganyika. Lakini hakuna bahari inayofika Ziwa Tanganyika. Basi wakaifumua meli nzima, wakaipakia katika masanduku 5,000, wakaileta Dar es Salaam, wakaipandisha treni. Kwa hiyo kuna siku meli ilipita Pugu, ikapita Soga, na ikavuka mto Ruvu kwa juu, ndani ya masanduku, huku mitumbwi ikipita chini yake. Iliungwa upya Kigoma na kuingizwa majini Februari 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaelemea, Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Ndiyo Liemba, ambayo babu zenu wengi wa Kigoma waliipanda.

Mnaona mambo yalivyogeuka? Stanley alikuwa na mashua mbili vipande vipande na bado akamwita Kingwere. Miaka 40 na kidogo baadaye, meli nzima inapita vipande vipande na hakuna anayemwita mtu. Daraja halijibu salamu, lakini pia halichagui nani avuke.

Baada ya Uhuru magari yakazidi, barabara ya Morogoro ikapanuka, miji ikaota kando yake: Kibaha, Mlandizi, Chalinze.  Lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa limeshaanza chini ya ardhi, ndani ya mabomba.

Mwaka 1959 ulijengwa mtambo wa Ruvu Juu, pale Mlandizi, wa kuvuta maji ya mto, kuyasafisha na kuyasukuma kuelekea Dar es Salaam. Mwaka 1976 ukafuata wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo. Baadaye yote miwili ilipanuliwa: Ruvu Juu kutoka lita milioni 82 kwa siku hadi milioni 196, na Ruvu Chini kutoka milioni 180 hadi 270. Mtambo hufanya kazi ambayo mto haujui kuifanya. Maji yanavutwa na pampu, yanatiwa dawa ya kugandisha tope ili lizame chini, yanachujwa kwenye mchanga, yanatiwa klorini ya kuua vijidudu, ndipo yanasukumwa bombani. Rangi ile ya chai inabaki Mlandizi.

Watu wa Kisarawe walisubiri zaidi. Mji wao uko juu ya vilima, na maji, tofauti na punda, huwezi kuyavuta kwa kamba. Lazima yasukumwe kwa pampu. Kwa miaka mingi walinunua maji kwa dumu na ndoo, na mji wa jirani wa Dar es Salaam ukinywa mto uliopita karibu na wao. Mwaka 2020 ndipo ulipozinduliwa mradi wa kuyapandisha maji ya Ruvu kutoka tangi la Kibamba hadi Kisarawe. Zamani watu ndio waliouvuka mto. Siku hizi mto ndio unaowavukia watu, unapanda mlima na kuingia jikoni kwao.

Na unawavukia wengi mno. Mwishoni mwa 2022 mvua zilichelewa, Ruvu ukapungua, na mgao wa maji ukaanza katika jiji lenye mamilioni ya watu. Wakubwa wakakimbilia mpango uliokuwa ukizungumzwa miaka mingi: bwawa la Kidunda, juu ya mto, mkoani Morogoro. Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini Novemba mwaka huo, na bwawa limekusudiwa kushika lita bilioni 190, maji ya masika yawekwe akiba ya kiangazi. Kidunda si jina jipya. Burton alipita hapo na Bombay mwaka 1857, akaliandika jina hilo kitabuni.

Bwawa likijaa, mto wa chini utabadilika tabia. Mkulima wa mpunga kwenye tambarare hutegemea mafuriko yalete tope lenye rutuba, na mwenye nyumba Tabata, Dar es Salaam, hutegemea maji yasikatike Oktoba. Wote wawili wanautaka mto uleule, kila mmoja kwa majira yake. Atakayeshika funguo za malango ya Kidunda atakuwa na madaraka ambayo hata Kingwere na mtumbwi wake hakuwahi kuyaota, na wateja wa kupatanisha watakuwa wengi kuliko watu 192.